Fundi boti wa Bangwe na paa lisilotaka sola

Saa mbili asubuhi jua limeshavuka vilima, na Eliakimu Ntahondi amelala kifudifudi juu ya paa la nyumba yake huko Bangwe, Kigoma. Mkono mmoja umeshika kipande cha ubao, mwingine umelikumbatia bati. Paa hilo halina mahali pa kukaa mtu. Limepinda kutoka ukuta huu hadi ule, mfano wa boti iliyofunikwa.

“Mwakeye, Mzee Nuhu!” anamwamkia kwa Kiha jirani yake, Mama Shadia, akipita na beseni la dagaa kichwani. “Wanyama umeshawapandisha?”

“Umebaki wewe tu,” anajibu Eliakimu bila kugeuka. “Wengine wote wamo.”

Mama Shadia anacheka mpaka analishika beseni kwa mikono miwili.

Eliakimu, mwenye miaka hamsini na nne, ni fundi wa boti za mbao katika mwalo wa Kibirizi. Paa ni kazi ya mikono yake mwenyewe. Wakati anajenga, mteja mmoja aliagiza boti kubwa, kisha akahama asirudi tena. Mbavu za boti zilikuwa zimeshachongwa, mbao ngumu na nzuri. Kuzichoma kuni aliona ni dhambi. Akazipandisha juu ya kuta, akakunja mabati juu yake.

“Halijawahi kuvuja,” anasema, na hapo anapenda kurudia. “Halijavuja! Ila sikuwaza kwamba siku moja nitataka kuweka kitu bapa juu yake.”

Kitu hicho ni paneli ya sola ya wati mia moja. Aliinunua kwa malipo ya boti mbili, pamoja na betri na taa nne. Nguzo za umeme zimeishia bondeni, na nyumba yake iko juu mlimani. Mafundi wawili wa sola walikuja kwa nyakati tofauti, wakaliangalia paa, wakaaga kwa heshima.

Mwenye haraka si yeye. Ni mama yake, Bi Rozalia, mwenye miaka themanini na moja, anayeishi nao. Macho yake yamepungua nguvu. Masika yaliyopita alijikwaa gizani akielekea msalani, akavunjika mkono. Tangu hapo anasema atahamia Simbo kwa mwanawe mdogo, ambako umeme upo.

“Sijafukuzwa na mtu,” anasema Bi Rozalia, rozari ikiwa imelala mapajani. “Clementina huyu, mkwe wangu, ananitunza kuliko mabinti niliowazaa. Lakini mkono wa pili sitaki kuuvunja. Nimeshamwambia mwanangu, Pentekoste ikinikuta gizani, naondoka.”

Kwa Eliakimu neno hilo ni zito. Baba yake alifariki yeye akiwa mdogo, na mama huyu alimlea kwa kubeba magunia ya dagaa mwaloni. “Mama aondoke kwangu kwa kukosa taa?” anauliza. “Nitawaambia nini watu? Na Mungu je?”

Kwa hiyo aliamua kufunga mwenyewe. Upande wa mashariki ulikataliwa mapema, kwa sababu mchikichi wa jirani unautupia kivuli mpaka karibu saa sita. Akachagua upande wa ziwani, wenye jua jingi na upepo mwingi pia. Akatoboa bati, akakaza paneli kwa skrubu juu ya vipande vya mbao.

Muuza vifaa mjini alimshauri azibe matundu kwa silikoni. Eliakimu alicheka kimoyomoyo, akaenda kuchukua pamba na mawese, kama mafundi wanavyoziba boti.

“Nikasema, ziwa zima halipenyi hapo, mvua itapenya vipi?”

Boti hulala majini, kwenye ubaridi. Bati la Bangwe saa saba mchana ni kikaango. Siku ya tatu jua lilichoma, mawese yakayeyuka, yakaanza kudondoka ndani tone kwa tone. Chini yake lilikuwa limetundikwa gauni jeupe la kwaya la mkewe, Clementina.

“Niliimba Jumapili ile na doa jekundu kifuani, kama mtu aliyepewa nishani,” anasema Clementina, akimkazia macho mumewe. “Na sisimizi wakafuata harufu. Nyumba nzima!”

“Mimi nilidhani watu wanakaanga dagaa darini,” anadakia Bi Rozalia. “Nikaanza kukunja vitenge vyangu vya kwenda Simbo.”

Eliakimu aliishusha paneli, akaenda kununua silikoni, akaziba matundu. Muuza vifaa, anasema, alimpa na kitambaa cha kufutia mikono.

Sasa ana mpango mwingine, na ndio uliompandisha paani leo asubuhi. Anachonga kitanda cha mbao cha kulazia paneli, chini kimepinda kulingana na paa, juu kimenyooka. Hakutakuwa na tundu jipya hata moja. Ncha za zile mbavu zimechomoza nje ya ukuta pande zote mbili, na atakifunga kitanda hapo. Alitaka kutumia kamba ya nailoni, mpaka Clementina akamwuliza swali.

“Kamba si inaoza juani, baba? Au umesahau tena kwamba hii ni nyumba?”

Akacheka. Amebadili: atatumia vyuma bapa, na chini yake vipande vya tairi bati lisikwaruzwe. Nyaya zitaunganishwa na fundi umeme wa Kibirizi. “Hapo sijifanyi najua,” anasema.

Pentekoste bado wiki mbili. Akijaliwa, paneli itapanda Jumamosi, na mafundi wenzake wa mwaloni wameahidi kuja kuinyanyua. Taa ya kwanza itakuwa ya njia ya msalani.

Anaposhuka kwenye ngazi, Bi Rozalia anamwita chumbani kwake. Ameketi ukingoni mwa kitanda, kiganja amekibandika ukutani, chini sana kuliko swichi zinavyowekwa.

“Nikiamka mkono wangu unaangukia hapa,” anasema. “Swichi iwe hapa. Usiniwekee kule juu kama ya wageni.”

Eliakimu anachomoa penseli sikioni, anapiga magoti, na kuchora mstari kukizunguka kiganja cha mama yake.