Bibi Ataka Apimwe

Jumatatu iliyopita, saa tatu na robo asubuhi, kwenye ofisi ya tiketi za ndege hapa ughaibuni, mtaani Al Khuwair, bibi mmoja alikataa kukatiwa tiketi ya Unguja mpaka apimwe uzito.

"Shosho, siku hizi tunapima mizigo tu," alisema karani, binti wa Kikenya.

"Zama zetu, hata kwenye ndege iliyokuwa ya kasi kuliko zote, sote tulipandishwa kwenye mizani kwanza, mmoja mmoja. Nyinyi uzito wa watu mnaujuaje?"

"Tunakadiria."

"Mnakadiria roho za watu?"

"Mama," mwanawe aliyemsindikiza alimsihi, "mjukuu wako anaolewa Alkhamisi!"

"Nnajua. Nnataka kufika."

Akageuka, akatutazama foleni nzima, macho yakatua kwa bwana mmoja mnene. Bwana akavuta tumbo ndani.

"Na huyu je, mmemkadiria?"

"Bibi, mimi siendi Unguja."

"Alhamdulillahi," akasema, akatoa pasipoti.

Tulicheka sote. Sisi wasomi huuliza kama chakula kipo na kiti kiko dirishani; ndege itarukaje, hatuulizi.

Kesho yake asubuhi nilikuwa na safari ya ndege kwenda mji wa Salala. Sikugusa chai wala mkate.