Ntheo ya Mumbua

Mwaka huu Susu Kanini, susu kwetu ni nyanya mwenye wajukuu, alilima bustani ya karamu. Naiita hivyo kwa sababu hakuna mtu mwenye akili timamu anayepanda dania eneo lote lile kwa ajili ya kujilisha peke yake. Mimi Kalunde ni jirani yake hapa Tulia, tunapakana ua kwa ua, na nilimwona tangu Februari, jua likichoma, amejifunga leso kiunoni anachimba mashimo kando ya jikoni. Akayajaza samadi, akapanda dania, sukuma wiki, kunde, malenge na nyanya kwenye udongo mkavu kabisa, maana huku kwetu ukingoja mvua inyeshe ndipo upande, umeshachelewa. Jioni alimwagia maji aliyofulia nguo.

"Susu, kwani unafungua hoteli?" nikamwuliza.

"Nina wageni, Kalunde. Mbuzi wa Mumbua wanakuja."

Woi! Nilitupa jembe nikazunguka ua mbio, na magoti yangu haya. Tukashikana mikono tukarukaruka pale kwenye vumbi kama wasichana waliofunga shule, mpaka mwanawe Muthama akatoka ndani kuuliza kama kuna nyoka.

Nieleze kwa nini. Mumbua alikuwa binti yake wa pekee. Alikuwa ameishi miaka mingi na Musyimi, fundi wa pikipiki, kule Makueni, mbele ya mji wa Wote. Musyimi ni mtu mpole, hapigi mtu, halewi. Walikuwa na msichana mmoja wa shule, na sasa Mumbua alikuwa na mimba nyingine. Lakini Musyimi hakuwa ameleta ntheo. Na kwetu Wakamba, hata mkae pamoja mpaka mng'oke meno, hata mpige picha za harusi na gauni jeupe, kama mbuzi wa ntheo hawajaingia kwa lango la wazazi wa msichana, mmoja akachinjwa na pande zote mbili zikala nyama yake, huyo bado ni msichana wa kwao. Watoto ni wa kwao. Akifa, anarudishwa kuzikwa kwao, pembeni huko mwa shamba, kama mtu ambaye hakuwahi kuolewa na yeyote.

Jambo hilo lilimkaa Susu Kanini rohoni. Kila mkutano wa maombi wa akina mama kanisani, ombi lake lilikuwa hilo hilo, mpaka wengine tukawa tunalisema kimoyomoyo kabla hajafungua mdomo. Siku moja Pasta Muindi akamwambia kwa upole kwamba Mungu ana mambo mengi kuliko mbuzi. Susu akamtazama hivi.

"Pasta, yule kondoo wa Ibrahimu aliyenaswa kichakani alipelekwa na nani?"

Pasta alikohoa, akatuambia tufungue kitabu cha nyimbo.

Basi siku ikapangwa, Jumamosi moja baada ya Pasaka. Mumbua akaja mapema, mwisho wa Machi, kwa sababu mbuzi wa ntheo lazima wamkute msichana kwao. Yule wa shule alimwacha na nyanya yake wa Makueni. Alishuka na mfuko mmoja na tumbo kubwa, miguu imevimba kidogo, anacheka. Nilimpenda sana yule msichana, niseme tu. Alikuwa akija lazima aingie kwangu kwanza aninyang'anye viazi vitamu vilivyo jikoni, halafu ndipo aende kumsalimu mama yake.

Mvua nayo ikaja. Ikaja vizuri, ya polepole, ya kuingia ardhini. Ile bustani ikafumuka! Kunde zikatanda, malenge yakapanda ua yakaja upande wangu, na Susu akaniambia yale yaliyovuka ni yangu. Jumapili alisimama kanisani kutoa ushuhuda, amevaa kitambaa kipya kichwani. Alisema mwaka huu Bwana amemkumbuka: binti anaolewa, mjukuu anakuja, mboga zimeota. Alilia kwa furaha mpaka tukamkalisha. Hiyo ndiyo ilikuwa furaha yake yote ya mwaka, na haikumaliza wiki mbili.

Alhamisi kabla ya ile Jumamosi, mchana, mbingu ikageuka rangi ya chungu kilichoungua. Upepo ukaja kwanza. Ukang'oa mabati ya jikoni kwa Susu ukayatupa kule kwenye matuta ya chini. Halafu mvua ya mawe. Asi! Mimi nimezaliwa huku na sijawahi kuona mawe kama yale, yalikuwa yanagonga mabati mpaka hatukusikiana ndani ya nyumba. Ilipopungua nikatoka. Susu alikuwa amesimama bustanini na gambuti zake, barafu imejaa mashimoni alikopanda. Sukuma wiki zilikuwa zimebaki vijiti. Nyanya zimepondwa zote. Nikamshika bega.

"Mboga tutanunua Migwani," akasema. "Mbuzi hawaharibiwi na mawe."

Ijumaa akina Musyimi waliondoka kwao na pikapu, wazee wanne na mbuzi, wakazunguka kwa barabara ya Machakos. Walifika Kwa Vonza wakakuta mto ulio mbele umefurika, maji mekundu yanapita juu ya daraja na miti mizima ndani yake. Wakalala kwenye veranda ya duka. Jumamosi wakangoja. Sisi huku tulikuwa tumevaa, sufuria ziko motoni, wazee wa ukoo wamekaa kwenye viti vya kanisa. Jumapili mto bado. Mbuzi mmoja akafa kwa baridi, na ntheo haipelekwi ikiwa pungufu. Wakageuza gari wakarudi Makueni.

Hapo ndipo jambo lilipoharibika, na bado linaniuma.

Musyimi alipiga simu. Kwa desturi yetu mkwe wa kiume hazungumzi ovyo na mama mkwe wake, wanaheshimiana kwa mbali, kwa hiyo alizungumza na Mumbua na Mumbua akatupatia maneno. Alisema anaweza kutuma pesa kwa simu jioni hiyo hiyo. Muthama anunue mbuzi sokoni hapa Tulia, wazee wa huku wachinje, ntheo ihesabiwe imefika. Mumbua arudi Makueni, maana kliniki yake iko huko, na daktari alikuwa amemwambia presha yake inapanda, asikae muda bila kupimwa.

Muthama akasema sawa. Mzee mmoja akasema siku hizi watu wanafanya hivyo. Nami nikasema, "Susu, chukua. Mbuzi ni mbuzi."

Alinigeukia kwa hasira ambayo sijawahi kuiona kwake.

"Mbuzi ni mbuzi? Kalunde, wako walitumwa kwa simu? Nimengoja miaka yote hii ili mtoto wangu aje kununuliwa na kaka yake mwenyewe? Wataingia kwa lile lango, kwa miguu yao, wameshikwa kamba na watu wa Musyimi. Na wewe Mumbua hutoki hapa kabla hawajaingia. Ukirudi sasa umerudi kama ulivyokuja, na hawataleta tena. Najua watu."

"Mwaitu, mama yangu, na kliniki?"

"Mimi nilikuzaa kwa kliniki gani?"

Mumbua alicheka, lakini si kile kicheko chake. Akakaa. Ni mtoto wa kutii, na ntheo hiyo alikuwa anaitamani kuliko hata mama yake. Siku mbili baadaye aliniambia, tukichambua ndengu, kwamba amechoka kuitwa bibi ya Musyimi huku anajua ni uongo.

Mvua haikukatika. Barabara ya kwenda Kitui mjini ilikuwa matope matupu. Kila siku Musyimi alipiga simu kusema kesho, kesho wakitengeneza pale darajani, na kila siku Susu alipanda kilimani kuangalia upande wa magharibi kama mawingu yamefunguka. Aliomba kwa sauti akitembea. Nilikuwa namsikia: Bwana, funga maji. Bwana, funga maji. Alikuwa anaomba kwa imani kabisa, na ndicho kinachoniudhi, kwa sababu hata sasa sijui yale maombi yalikuwa yanakwenda wapi.

Asubuhi moja Mumbua alisema kichwa kinapasuka na haoni vizuri. Uso ulikuwa umevimba mpaka macho yamekuwa madogo. Halafu akaanza kutetemeka mwili mzima, sakafuni pale jikoni pasipo na paa. Mimi nilipiga mayowe. Muthama akaleta boda boda, tukamfunga katikati yake na dereva kwa leso, maana gari lisingepita. Walianguka kwenye matope mara kadhaa. Mti ulikuwa umeziba njia wakazunguka kwa mashamba ya watu. Walipofika hospitalini, manesi walimkimbiza ndani bila hata kuuliza jina. Wakamtoa mtoto kwa upasuaji, msichana, mzima, analia. Mama yake hakuamka.

Niliyempelekea Susu habari ni mimi, kwa sababu Muthama alinipigia mimi, akashindwa kumwambia mama yake, alikuwa analia tu. Susu alikuwa anapika uji wa kupeleka wodini. Nilimwambia. Aliendelea kukoroga ule uji mpaka ukaungua, nikamnyang'anya mwiko.

"Ningemwacha aende," akasema.

Muthama alipomleta mtoto kutoka hospitalini, Pasta Muindi alikuja na akina mama, wakaimba, akasema mipango ya Mungu ni ya ajabu. Susu alikuwa na kichanga mapajani, anakinywesha maziwa kwa chupa.

"Pasta, niliomba afunge maji," akasema. "Hakufunga. Usiniambie mipango."

Hakuna aliyemkemea. Na mimi nilifurahi alivyosema, heri mtu aliseme.

Siku tatu baadaye jua likawaka kama halikuwa limewahi kwenda popote. Mto ukashuka, barabara ikakauka. Na siku hiyo, mnajua wameshafika? Musyimi na wazee wake, na mama yake, na gari la maiti nyuma yao limetoka kuchukua mwili. Na mbuzi.

Wazee walikaa. Musyimi alisimama nje ya ua, hakuweza kuinua uso, shati lake limelowa kifuani. Mzee wao akaeleza kwamba wamekuja kufanya walichopaswa kufanya zamani, ili mke wao akalazwe Makueni kwenye boma lake, na watoto wawe wa babao. Akaomba msamaha. Wazee wetu wakanong'onezana. Kisha wakamwita Susu, kwa sababu mzee wake alishafariki, wakamwambia uamuzi ni wake. Akikataa mbuzi, Mumbua anazikwa hapa nyumbani karibu naye, na kichanga kinabaki. Lakini anazikwa pembeni kule, kama msichana asiyeolewa. Akikubali, Mumbua ni mke wa mtu. Anaondoka.

Nilitaka kumshika mkono nimwambie, Susu kataa. Mchukue mtoto wako, mzike hapa, lea huyu mdogo, wacha watu waseme. Lakini nilimwona anavyotazama lile lango. Nilijua.

"Waingie," akasema.

Wakaingia. Watatu, kwa miguu yao, wameshikwa kamba. Muthama alichinja mmoja. Nyama ilichomwa haraka bila chumvi ya kutosha, ikagawanywa, na kila upande ukala kidogo kidogo, jeneza likiwa ndani ya gari pale barabarani. Susu alipewa kipande chake. Alikitafuna kwa muda mrefu sana. Alikimeza.

Mama wa Musyimi akaja akapiga magoti mbele yake. Ni mwanamke mzuri, mnene, naye alikuwa amelia mpaka sauti imekwisha. Akasema, "Dada, wa kwanza ana jina langu. Huyu tunamwita Kanini." Ndivyo desturi inavyotaka, msichana wa pili ni wa jina la mama mzaa mama, na hiyo ni heshima kubwa. Akanyoosha mikono. Susu akambusu yule mtoto paji la uso, akamfunika vizuri kwa shali, akaeleza maziwa gani anayapenda na kwamba akilia usiku apigwepigwe mgongoni siyo kubembelezwa kifuani. Halafu akamtoa.

Tulikwenda mazishini Makueni, tukarudi. Hayo sitaeleza, mazishi ni mazishi.

Lakini nataka mjue tulivyokaa ile jioni ya mbuzi, magari yalipokwisha kuondoka. Akina mama walikuwa wanaosha sufuria. Walikuwa na haraka kurudi kwao kabla giza halijaingia, na mmoja wao, kwa mazoea tu, kwa sababu nyama ya ntheo ilikuwa imeliwa, alianza kupiga kigelegele akakikata katikati kwa aibu. Susu Kanini alikuwa ameketi kwenye kiti cha kanisa, mikono mitupu mapajani.

"Mwache amalize," akaniambia. "Leo nimeozesha."