Sare za Mikono Mifupi

Nilihamishiwa tawi la benki la Mbeya kutoka Iringa nikiwa karani kijana. Meneja niliyemkuta alikuwa mtu wa pwani, mpole, mcha Mungu, ila waraka wa makao makuu aliuogopa kuliko kiyama.

Mwezi wa sita ukaja waraka wa sare. Ili kuinua ari ya kazi, wafanyakazi wote wangevaa shati jepesi la samawati, mikono mifupi, na wanawake gauni la kitambaa hichohicho. Juu yake kisivaliwe kitu mbele ya mteja. Aliyeuandika alikuwa Dar es Salaam, bila shaka chini ya feni. Sisi asubuhi hiyo tulikuta umande umeganda kwenye majani ya uani.

Keshia wetu mkuu alikuwa mama wa Kinyakyusa tuliyemwita Dada Mkubwa. Kikaoni aliuliza kama huyo mwandishi wa waraka amewahi kufika Mbeya. Meneja akaupitia tena mstari kwa mstari, akajibu kwamba hilo halikutajwa.

Tukavaa. Wanaume tulijifunza kutandika magazeti kifuani, chini ya shati, hata ukiinama kuchukua mhuri unasikia habari za juzi zikikwaruza. Ng'ambo ya kaunta wateja walikuja na makoti na mablanketi. Bibi mmoja mkulima wa viazi kutoka Mbalizi alitutazama mmoja mmoja, akamwuliza meneja kwa huruma, "Hawa watoto wamefanya kosa gani?"

Mwezi wa saba zikaja fomu za kupima ari. Swali kubwa lilikuwa kama sare mpya imeongeza furaha kazini. Majibu yalikuwa mawili: Ndiyo, au Ndiyo sana. Mimi niliweka alama kwenye Ndiyo sana. Nilikuwa nangoja kupandishwa cheo. Dada Mkubwa aliviacha visanduku vyote viwili, akaandika pembeni: Nina baridi.

Meneja alimwita ofisini, na kwa kuwa mlango haukufungika vizuri tulisikia yote. Alimbembeleza sana. Alimweleza kwamba mkoa mzima umefurahi.

"Dada yangu," akasema mwishoni, "baridi si jibu."

"Ndilo nililo nalo, Ndugu Meneja."

Angeweza kuichana ile fomu. Lakini kuchana karatasi ya makao makuu kulimtisha kuliko kuituma, basi akaituma.

Haukupita mwezi, akaja ofisa wa ari. Alikuwa kijana mnene, mwenye mkoba mpya, na kwa utiifu wake naye alivaa sare. Alituhutubia kuhusu moyo wa kujituma. Dada Mkubwa alimsikiliza hadi mwisho, kisha akamkaribisha kwa adabu kwenye kiti chake, ili mkubwa aione kazi kwa karibu. Kiti hicho kilitazama mlango, na mlango ulitazama mlima.

Kufika saa nne, kidevu cha yule ofisa kilikuwa kikicheza. Akamwomba meneja koti kwa sauti ya chini.

"Ningekuazima, Ndugu," meneja akasema kwa masikitiko, "ila tuko mbele ya mteja."

Mpaka leo sijui kama alimkejeli au alimaanisha. Dada Mkubwa ndiye aliyemhurumia, akammiminia chai kutoka chupa yake. Kijana akanywa vikombe vitatu mfululizo, akaandika ripoti yake, akaondoka.

Tulijua tumeshinda. Na kweli, masweta yalifika: ya sufu, mazito, meusi, tena ya lazima. Yalifika mwezi wa kumi na moja, jua la kabla ya mvua likiwaka, nasi tukatoa huduma huku jasho likidondokea vitabu vya wateja.

Pamoja na masweta ilikuja barua ya Dada Mkubwa. Makao makuu yalimshukuru kwa ukweli wake, na kwa kuzingatia tatizo lake la baridi, yalimhamishia tawi la pwani. Alikuwa na mume, watoto wanne na shamba la migomba Tukuyu. Aliisoma, akaikunja, akafunga dirisha lake huku foleni ikimtazama. Sikuwahi kumwona akifanya hivyo.

Nadhani lile dirisha ndilo lililomgusa meneja. Aliniita nipige chapa barua, akaisema taratibu huku akijifuta uso: kwamba baridi si tatizo la mfanyakazi huyu bali la Mbeya, kwamba yeye mwenyewe ameacha familia pwani na anajua uchungu wake, anaomba uhamisho ufutwe. Akatia sahihi, akaipeleka posta mwenyewe.

Jibu lilikuja upesi. Makao makuu yameguswa na ombi. Badala ya pwani, apelekwe Iringa, ambako kuna joto kiasi.

Meneja alimbebea sanduku mwenyewe hadi stendi. Alimwambia amejaribu. Dada Mkubwa akasema ameona, akapanda basi.

Mwaka uliofuata nilikwenda likizo kwetu Kilolo. Kabla sijaondoka Mbeya, mume wa Dada Mkubwa alinipa mkungu wa ndizi nimpelekee mkewe nikipita mjini Iringa. Nilimkuta kaunta, amekonda. Alizigawa ndizi kwa wenzake wote, akabakiza mbili, kisha akaniuliza kama mtoto wake wa mwisho ameshaanza shule. Nikamwambia ameanza, na kwamba siku ya kwanza alipelekwa na baba yake.