Birmingham: Ndoano ilimzama rafiki yangu kiganjani, akaogopa hospitali kuliko kifo

Wakuu, heshima kwenu wote.

Hii si chai, ni kisa cha kweli. Ilitokea miaka ya 2000 nikiwa Birmingham, na aliyekutwa na jambo lenyewe amenipa ruhusa nilisimulie. Jina nimebadilisha, tumwite Bahati.

Bahati ni Mkongo wa Uvira. Tulipanga nyumba moja Bordesley Green: mimi chumba cha chini, yeye cha katikati, na juu kabisa dada mmoja Mkenya, nurse, tumwite Wanjiku. Jikoni kulikuwa na Kiswahili cha aina tatu, tukikwama tunacheka.

Familia yake ilipotelea vitani. Hakupenda kuliongelea hilo, nasi hatukumchimba. Kesi yake ya ukimbizi ilikuwa imekataliwa, anasubiri appeal. Kazi haruhusiwi. Anashinda ndani kutwa anatazama ukuta.

Kitu pekee kilichokuwa kinamtoa nje ni kuvua.

Kwa wasiojua niwaeleze kidogo. Wamarekani wanavua samaki aitwaye bass kwa swimbait, yaani samaki bandia wa mpira, mkubwa kuzidi kiganja, anayetikisa mkia ukimvuta majini. Tumboni kwake zinaning'inia ndoano za meno matatu matatu. Mabwawa ya Birmingham hayana bass. Mbabe wa kule ni pike, samaki mrefu, mdomo kama wa bata, meno kama msumeno, na Bahati alimtafuta kwa swimbait hiyohiyo.

Nilikuwa namwambia Bahati atumie chambo kidogo angalau turudi na chochote cha kusimulia. Anakataa. "Mukubwa anakula mukubwa," ndiyo ilikuwa kauli yake.

Basi Jumapili moja, majani yameshaanza kupukutika, tukapanda mabasi mawili hadi bwawa moja upande wa pili wa mji. Tukipita Winson Green penye ukuta wa jela, Bahati huwa anageuza uso. Siku hiyo pia aligeuza.

Tulitupa chambo asubuhi nzima bila dalili. Vidole vimekufa ganzi, nimeshaanza kufikiria chai.

Ghafla fimbo ya Bahati ya kuvulia ikapinda.

Alipigana na yule samaki kwa utulivu, anampa mshipi, anamrudisha, anampa tena. Sijawahi kumwona na uso ule. Pike akafika ukingoni, mnene kama paja la mtu mzima.

Bahati hakungoja nilete wavu. Akainama amshike chini ya taya.

Samaki akajirusha.

Wakuu, ndoano moja ilikuwa mdomoni mwa pike. Ya pili ikazama kwenye kiganja cha Bahati, chini ya kidole cha kati. Mtu na samaki wamefungwa kwenye chambo kimoja, na samaki bado ana nguvu zake zote. Kila akijipinda, mkono wa Bahati unakwenda naye.

Hakupiga kelele. Alikuwa anasema taratibu tu, "Mushike. Mushike, ndugu yangu, mushike."

Nikamlalia yule samaki kwenye matope na koti langu. Mzee mmoja Mzungu aliyekuwa anavua jirani akaja mbio na koleo la kukatia waya, akakata ndoano upande wa samaki, kisha akakitenga chambo, ikabaki ndoano tu kiganjani mwa Bahati. Pike akateleza majini akaenda zake.

Mzee akautazama ule mkono. "Hospital, son. Now."

Bahati akatikisa kichwa.

Kwenye basi nilimbembeleza mpaka abiria wakageuka. Mkono kaufunga kwa skafu yangu, damu imeloa. Akaniambia, "Kule batauliza papiers, makaratasi. Bataita polisi. Miye siwezi kurudishwa Congo juu ya samaki."

Nyumbani aliing'oa ndoano mwenyewe kwa koleo, ameuma taulo. Anayejua ndoano anajua ina kijino kinachoangalia nyuma. Inatoka na nyama.

Nikamwambia tumngoje Wanjiku, yuko zamu. Akaniapisha nisimwambie. Sasa mtu mzima utamburuza?

Cha kuumiza zaidi, dirisha letu la jikoni lilikuwa linaitazama hospitali. Unaliona paa lake juu ya mapaa ya majirani. Bahati akawa anakaa ameipa mgongo, mkono unavimba kama mkate.

Siku ya tatu Wanjiku akashuka kuchemsha chai, akamkuta pale anatetemeka. Hakuuliza ruhusa. Alipandisha mkono wa sweta la Bahati, na sote tukauona mstari mwekundu umetoka kwa kifundo cha mkono, unaelekea kwenye kiwiko.

"Hii imeanza lini?"

"Jana."

"Bahati, nisikize vizuri. Hii ni infection inapanda. Ikiingia kwa damu yote, huko hakuna appeal."

"Batauliza papiers."

"Emergency wanatibu kwanza. Maswali ingine ikuje, tutaijibu ukiwa hai. Vaa viatu."

Bahati akanitazama. Nikapiga magoti nikamfunga kamba za viatu, maana kwa mkono mmoja asingeweza.

Mapokezi mama mmoja alimuuliza jina. Akalitaja lote, taratibu, kama mtu anayekiri kosa. Kisha yule mama akauliza, "Next of kin?"

Bahati hakuelewa. Wanjiku akamtafsiria: ndugu wa karibu, mtu wa kupigiwa simu kama kuna jambo.

Yule mama akainua kichwa kumtazama. Bahati akaninyooshea kidole kwa ule mkono mzima.

"Andika huyu."

Mama akauliza tuna uhusiano gani. Nilijibu mimi, kabla yake. "Brother."

Mchana huohuo wakampasua. Kidole cha kati hakikuokoka. Kiganja walikiokoa. Daktari alisema angechelewa kidogo tu, tungekuwa tunazungumzia kukatwa mkono wote, au maziko. Polisi hakuja. Siku ile hakuna aliyeuliza papiers.

Kesi yake ilichukua muda mrefu sana, lakini mwisho alipata kibali cha kukaa. Bado anavua, na bado anatupa chambo kikubwa.

Funzo langu ni hili. Mnaovua, bonyezeni vijino vya ndoano zenu kwa koleo vilale, na msitoke bila koleo la kukata na wavu. Na mliopo ugenini bila makaratasi: kidonda hakijui appeal yako imefika wapi. Nenda emergency. Ukiogopa, tafuta mtu wa kwenda naye.

Karibuni mchangie, hasa mliowahi kujificha na ugonjwa kwa hofu ya aina hii. Ila naomba mwandike kwa adabu, kwa sababu Bahati anausoma uzi huu. Anaingia kama guest. Hajafungua account mpaka leo, anasema bado hapendi kuulizwa jina.