Shangazi Alipotaja Jina

Jirani yangu wa Ngarenaro, mama wa Kihindu anayeuza vitambaa na mumewe, alijifungua binti alfajiri moja ya masika. Mimi nashona nguo kwenye kibaraza cha duka lao, kwa hiyo siku ya kumpa mtoto jina nilialikwa pamoja na mama yangu, aliyeshuka kutoka mlimani na mkungu wa ndizi za kumpikia mzazi mtori.

Mtoto alilazwa katikati ya kitambaa cha hariri, kishikwe pembe nne na kubembezwa. Wifi mmoja wa kushika pembe alikuwa bado njiani. Jirani akanigeukia.

"Shika wewe, dada. Vitambaa vyangu vyote umevishika, hiki ndicho kikushinde?"

Nikashika kwa uangalifu, kama niliyebebeshwa yai.

Kwao jina hutolewa na shangazi, dada wa baba. Kasisi wao alikwishatazama nyota na kuwapa herufi za kuanzia: B, V au U. Shangazi alikuwa amelificha chaguo lake hata kwa kaka yake. Akainama, akamnong'oneza mtoto sikioni, kisha akatangaza: "Usha!"

Mama yangu akauliza kwa sauti, "Usha nini? Ushakula? Ushalala?"

Nilitamani ardhi ipasuke. Lakini shangazi aliangua kicheko mpaka akajishika mbavu, na chumba kizima kikamfuata.

"Hapana, mama," alisema akijifuta machozi. "Ni Kisanskriti, lugha ya vitabu vyetu vya kale vya dini. Usha ni alfajiri. Wazee walimwimbia kama binti anayefungua milango ya giza, gari lake likivutwa na ng'ombe wekundu."

"Ng'ombe?" Mama akasogea karibu. Kwetu Meru mtoto hurithi jina la bibi au babu, hakuna kutafuta. Ila ng'ombe anawajua. "Basi huyo binti namfahamu. Kila nikienda kukamua, namkuta anakuja."

Shangazi akamfasiria bibi wa mtoto kwa Kigujarati. Bibi yule, ambaye Kiswahili chake ni cha bei na mita tu, akainuka polepole, akamega kipande cha halua ya maziwa na kumlisha mama yangu kwa mkono wake mwenyewe.

Mama, mzee wa usharika wa Kilutheri, alifungua kinywa kama kifaranga. Akatafuna, akafumba macho. Kisha akanyoosha mikono, akaomba apewe mtoto ampakate.