Nilivyoitumikia Ngurumo Hadi Kustaafu

Siku yangu ya kwanza kazini niliajiriwa kwa kosa la kupasua mfuko. Nilikuwa Kidato cha Kwanza hapa Buhongwa, maandazi yameisha, mfuko wa kaki umebaki mtupu. Nikaujaza pumzi, nikaubana mdomo, nikaupiga kofi. Paa! Darasa zima likainama, isipokuwa Mwalimu wa Fizikia.

"Nani huyo?"

"Mfuko, mwalimu."

"Simama wewe na mfuko wako. Kwa nini umelia?"

"Nimeupiga, mwalimu."

"Hata wewe nikikupiga utalia, lakini hiyo siyo fizikia. Hewa ya ndani imefanya nini?"

Nikabahatisha kwamba imetoka kwa fujo, ikaisukuma ya nje. Badala ya kunipeleka kufyeka nyasi, akaniingiza Klabu ya Sayansi kwa cheo cha Afisa Ngurumo. Cheo hicho hakikuwepo kabla yangu. Wadogo zangu mnaonirithi, mlijue hilo.

Enzi zetu kazi ilikuwa na heshima. Enzi zetu ni hadi Ijumaa iliyopita, nilipostaafu nikiwa na miaka kumi na saba ili nikasomee mtihani wa Kidato cha Nne. Afisa alieleza bila kuchungulia daftari: radi inapopita, hewa ya njiani mwake inapata joto kushinda hata uso wa jua, kufumba na kufumbua. Hewa yenye joto hutanuka, na hii haina muda wa kutanuka kistaarabu. Inawapiga jirani zake kikumbo, nao wanawapiga wa mbele yao, mpaka kikumbo kinafika sikioni mwako. Hiyo ndiyo ngurumo. Mwanga unatangulia kwa sababu una mbio kuliko sauti.

Klabu yetu ilizunguka shule za msingi kuwaeleza watoto sayansi. Nilihudumu Mabatini, kwenye shule yenye kelele hadi mfuko wangu ulipasuka bila mtu kugeuka. Lakini kituo kilichonikomaza ni Kisesa.

Tulifika Darasa la Tatu mchana, mawingu yamepanda. Kwetu huku radi ikianza, kioo kinafunikwa kanga, mwenye nguo nyekundu anaivua, na watu wanakaa kimya wasije wakaivuta. Watoto walikuwa kimya hivyo hivyo. Ikanguruma, na binti mmoja aitwaye Minza akachomoka kuelekea mlangoni. Mwalimu wa Darasa akamdaka.

"Kila mvua ni hivi," akatuambia. "Anakimbilia kwa bibi yake, anakatiza uwanja mtupu. Siku moja radi itamkuta hukohuko."

Mwalimu wa Fizikia akaninong'oneza, "Afisa, mfuko weka mfukoni. Huyu mtoto abaki ndani."

Nikachuchumaa. "Minza, unakimbia nini?"

"Ngurumo."

"Ukiisikia, radi yake imeshapita. Ila nyingine inaweza kuja, na huko nje ndiko inakopiga watu."

"Mbona inanguruma muda mrefu? Inanitafuta!"

Swali hilo halikuwa kwenye mafunzo yangu.

"Kwenu mna ng'ombe?"

"Wa babu."

"Wamejipanga njiani mstari mrefu, wanakuja kwenu. Wakianza kutembea wote pamoja, nani anafika kwanza?"

"Wa mbele."

"Na wa mwisho?"

"Anachelewa. Anakula majani ya watu."

Darasa likacheka, kimya kikavunjika, na hakuna aliyekufa. Nikamwambia radi nayo ni ndefu, imepinda kama njia ya ng'ombe, na inalia yote kwa pamoja. Sauti ya kipande cha karibu inafika kwanza, ya mbali inafuata nyuma. Haimtafuti mtu, inapita tu.

Mwanga ukamulika. Minza akashika dawati kwa mikono miwili. Ngurumo ikaja, ikajiburuta kuelekea ziwani. Hakukimbia.

"Huyo wa mwisho," akasema polepole, "amenona."

Nimepigiwa makofi mengi kwenye utumishi wangu, mengine niliyaomba mwenyewe. Ninalojivunia ni salamu aliyotuletea Mwalimu wa Darasa kutoka Kisesa. Mvua iliyofuata, wenzake wawili walitaka kukimbilia nje. Minza alisimama mlangoni, mikono ameitanua, mwili mdogo kama wa kuku.

"Rudini mkae," aliwaambia. "Hatoki mtu mpaka ng'ombe waishe."