Majamvi ya Bibi na Mtungi Tuliouacha

Jana mjukuu wangu alikuwa anafunga begi aende Mueda, kule juu mlimani, kusoma, akaniuliza, "Bibi, huko sasa hivi ni baridi au ni mvua?" Nililitazama sweta lake, nikautazama mwavuli, roho ikaniuma. Mwenzangu, safari hiyohiyo nilishafungiwa mzigo wake nikiwa mtoto, wakati wa vita vya Wareno.

Tulikuwa tunakaa pwani, upande wa Palma. Asubuhi kazi yangu kukuna nazi, na mama akisharoweka mchele anachoma samaki, mtaa mzima unanukia. Maji hatukuyahangaikia. Ukiona kiu unafukua mchanga nyuma ya nyumba, unangoja kidogo, unakunywa. Halafu habari zikaja kwamba askari wa Kireno wanachoma nyumba na kuwatia watu ndani ya seng'enge. Baba alishakwenda kwa wapiganaji wa uhuru. Bibi, mama yake baba, akaamua tupande mlimani kwa Wamakonde, tukajifiche huko.

Kiangazi kilikuwa kinaisha, zile siku ambazo mvua huenda ikaja leo au isije kabisa. Bibi aliiogopa mvua ya mlimani. "Ile haibishi hodi," alikuwa akisema. Akashona majamvi mawili mawili yasivuje, akafunga blanketi, makopa ya mihogo na papa mkavu. Mama, aliyekuwa ananyonyesha, akauliza, "Na mtungi, mama?"

"Mtungi wa nini? Kichwa ni kimoja, mwanangu. Huko maji yatatufuata yenyewe."

Mama hakumbishia mkwewe. Mtungi ukabaki mlangoni.

Kwenye kisima cha mwisho kabla ya mpando, mtu wa mlimani aliyekuwa anatuongoza njia alituambia tujaze kila chombo. Tulikuwa na birika la chai tu.

Juu kule hakukuwa na mvua wala kisima. Jua kali, vumbi jekundu. Bibi alipiga magoti akafukua kwa mikono kama alivyozoea kwetu, akafukua mpaka kucha zikatoka damu, mchanga ni mkavu tu. Maji ya wenyeji yako bondeni, na bondeni ndiko askari walikovizia. Wanawake wa kule walitugawia kidogo walichokuwa nacho, Mungu awalipe. Lakini sisi tulikuwa tunakula papa wa chumvi, na maziwa ya mama yakakata. Mdogo wangu, yule wa kunyonya, alilia, kisha akawa analia bila sauti. Tukamzika palepale.

Mvua ikaja siku ya pili yake. Ilinyesha kama inatudai. Bibi akatandaza majamvi yake juu ya miti, akatuingiza chini, mimi na mama, yeye akabaki nje analowa. Mama alimwita aingie. Hakuingia. Tangu siku ile sikumsikia tena akitabiri hali ya hewa, yeye aliyekuwa akiulizwa na mtaa mzima.

Bibi hayupo, mama hayupo. Nyuma ya nyumba yetu ya zamani nilifukua mwaka jana, yakatoka maji ya chumvi. Kaburi la mdogo wangu hata nikipelekwa siwezi kulionyesha.

Mjukuu nimemjazia dumu la maji. Amecheka, ameniambia Mueda siku hizi kuna bomba. Sawa, na liwepo. Majamvi ya bibi yalishonwa vizuri sana, msomaji wangu. Siku ile hayakuvuja hata tone.